Mtondoo wa kwa mjomba: naandikaje mti na kazi zake?

FundiVitenge, Majengo Moshi:

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Majengo, Moshi. Kwenye miti mimi si mtaalamu. Najua mparachichi, jakaranda, mgrivea na migomba, basi. Ila nina swali la mti, tena mti wa kisiwani, na nimeona humu ndani kuna watu wa mimea.

Marehemu mama alikuwa mtu wa Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya Unguja. Aliolewa na baba, dereva wa malori, ndiyo maana tukazaliwa huku mlimani. Mwezi uliopita nilikwenda msibani kwa mama mdogo, nikakaa siku tisa. Mjomba wangu ni fundi wa vyombo. Ametengeneza mashua, ngalawa na majahazi maisha yake yote. Sasa macho yamepungua, tezo anashika mwanawe, yeye anakaa chini ya mti na kuelekeza kwa mdomo. Mti wenyewe ni mtondoo. Umeinama kuelekea baharini kama mtu anayechota maji, na vyombo vyote vinavyotengenezwa pale vinakaa kwenye kivuli chake.

Siku ya tano akaniita. "Wewe si unaandika vipimo vya watu kwenye daftari? Andika na haya." Akaanza kusema habari za ule mti. Akasema saa nzima, labda zaidi, kahawa ililetwa mara mbili. Mimi nikaandika nyuma ya daftari la wateja, katikati ya viuno na mabega ya watu.

Nimefika Moshi, nimefungua daftari, nakuta hiki hapa, nanakili kama kilivyo:

"Mtondoo. Mataruma. Mafuta ya taa zamani. Ngozi na viungo. Watoto huchezea tondoo. Utomvu mbaya kwa macho. Mtondoo haufi maji."

Saa nzima ya mjomba imekuwa mistari miwili! Nilitamani kulia. Ni kama orodha ya mtu aliyetumwa sokoni.

Kuna na mengine yameniharibikia. Nilichuma majani kumi hivi nikayatia kwenye kopo la plastiki, nikalifunga kabisa ili yasikauke njiani. Boti hadi Dar, basi hadi Moshi, nikapumzika siku mbili, nafungua kopo: meusi, yameota ukungu, yananuka. Kichupa cha mafuta ya tondoo, yaani matunda ya mtondoo, alichonipa mke wa mjomba nacho kikamwagika begini juu ya kitenge cha mteja (nimeshamlipa, yamekwisha).

Lakini hapo kwenye kumwagika ndipo nilipogundua jambo. Ile harufu naijua. Kuna duka la vipodozi hapa mjini wanauza kichupa kidogo sana kimeandikwa "tamanu", muuzaji ananiambia ni mafuta ya kutoka ng'ambo. Bei yake mimi nashona magauni mawili. Nikanusa. Harufu ni ile ile ya chumbani kwa mke wa mjomba.

Maswali yangu:
Je, tamanu na tondoo ni kitu kimoja?
Nitapataje uhakika kwamba mti ule ni mtondoo kweli, maana majani yameoza?
Na kubwa zaidi: mtu kama mimi, asiye msomi wa mimea, anaandikaje mti na kazi zake ili mtoto wake akisoma miaka thelathini ijayo aelewe?

Kipimo pekee nilichopata vizuri ni unene wa shina, kwa sababu nilikuwa na tepu ya kazini. Tepu ni ya sentimita 150. Ilizunguka mara mbili na sentimita 68 juu yake. Nawasilisha.


Kijana_wa_Pangani:

Dada pole na msiba. Huo sasa si ndio mtomondo? Kwetu upo mwingi kandokando ya mto, maua yake yananing'inia kama mkufu, asubuhi unayakuta yamedondoka juu ya maji. Matunda yake wazee walikuwa wanaponda kulevya samaki. Hiyo "tondoo" nadhani ni matamshi tu ya Waunguja.

Na hiyo methali ya "mtondoo haufi maji" maana yake ni mti hauwezi kufa kwa kukosa maji. Tuliambiwa shuleni.


MkusanyaMimea, Arusha:

Pole na msiba, FundiVitenge. Nimekusanya mimea kwa miaka mingi, sasa nimestaafu nafuga kuku, kwa hiyo swali lako limenipa raha kuliko ulivyokusudia.

Kijana wa Pangani, mtomondo na mtondoo ni miti miwili, majina yanafanana tu masikioni. Mtomondo ni Barringtonia racemosa. Umeueleza vizuri mwenyewe: maua yananing'inia kwenye uzi mrefu, unapenda midomo ya mito na mabwawa. Mtondoo ni Calophyllum inophyllum, unapenda mchanga wa ufukweni. Linnaeus ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1753, na Calophyllum kwa Kigiriki maana yake ni jani zuri. Humo kwenye jina ndimo ilimo njia ya kuutambua.

Fundi, ukipata jani jingine liinue kwenye mwanga. Jani la mtondoo ni gumu kama ngozi, linang'aa, limekaa mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti. Lina uti mmoja katikati, na kutoka kwenye uti huo mishipa myembamba sana, mingi, imenyooka sambamba hadi ukingoni, kama nywele zilizochanwa kwa kitana. Wewe mshonaji utaielewa haraka: ni kama kitambaa chenye mistari ya nyuzi zilizobana. Miti mingi jani lake mishipa inatawanyika kama matawi ya mto. Huu hapana. Ukilikata, utomvu mweupe au wa manjano hivi unatoka. Ua ni jeupe, linanukia, katikati limejaa nyuzi za njano. Tunda ni la mviringo kama mpira wa mezani au dogo zaidi, kijani, likikauka linakunjamana, na ndani mna kokwa ngumu yenye kiini kimoja.

Sasa kopo lako. Usijilaumu, kila mtu huanza hivyo. Jani halitaki kufungiwa na unyevu wake. Linataka gazeti. Chukua tawi dogo, si jani moja moja: tawi lenye majani kadhaa na ua au tunda likipatikana. Lilaze kwenye gazeti, jani moja ligeuze lionyeshe mgongo, maana nyuma na mbele havifanani. Gazeti juu, gazeti chini, kisha mbao mbili na kamba ya kukazia, au weka chini ya godoro kama huna mbao. KILA SIKU badilisha gazeti. Hapo ndipo wengi wanapofeli, wanabadilisha siku ya kwanza halafu wanasahau. Jani gumu kama hili linachukua muda kuliko jani laini. Tunda usilibane, litie kwenye mfuko wa karatasi wenye namba ile ile ya tawi.

Halafu andika vile ambavyo gazeti haliwezi kuhifadhi. Rangi ya ua itabadilika. Harufu itapotea. Utomvu hautaonekana. Urefu wa mti, umbali wake kutoka majini, udongo, mti jirani yake, tarehe, jina la mahali, na jina alilosema mtu wa pale kwa mdomo wake. Kipimo chako cha shina ni kizuri mno, ila ulipima usawa gani? Sisi tunapima mita 1.3 kutoka chini. Kama ulipima hapo, 368 gawa kwa 3.14, mti una kipenyo cha sentimita 117. Huo ni mzee wa watu.

Na ujue jambo moja ambalo watu wa Arusha wenyewe wengi hawalijui: mkusanyiko wa taifa wa mimea mikavu uko huku kwetu, Ngaramtoni, kwenye iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Karatasi za mimea iliyokaushwa kutoka pembe zote za nchi, kila moja na lebo yake. Mti wa baharini unaweza kuthibitishwa huku kwenye baridi ya Meru, bila mtu kupanda boti.


Famasia_Kaloleni, Arusha:

Kwa swali la tamanu: ndiyo, ni mafuta ya mti huo huo. Tamanu ni jina la Tahiti na visiwa jirani vya Polinesia. Hawaii wanauita kamani, Fiji dilo, Sri Lanka domba, Indonesia nyamplung, na huko Indonesia wamejaribu hata kuendeshea injini. Mti mmoja, bahari mbili, majina chungu nzima. Muuzaji wako hakudanganya kwamba yametoka ng'ambo, ila hakujua kwamba mti wenyewe uko pia upande wa pili wa mkondo wa Zanzibar.

Tahadhari, na hii tafadhali iandike kwenye daftari lako kwa herufi kubwa: ni mafuta ya KUPAKA. Kiini cha tondoo hakiliwi, kina sumu. Utomvu ukiingia jichoni ni hatari, mjomba amesema kweli. Na hata kupaka, anza na tone moja ndani ya mkono usubiri siku nzima, kuna watu ngozi inawachachamaa. Kidonda kikubwa au kinachonuka, nenda hospitali, usikae nacho nyumbani na kichupa.

Jambo moja la ajabu kuhusu mafuta yake. Kiini kibichi ukikikamua hupati kitu cha maana. Mafuta hujitengeneza kiini kinapokauka, wiki kadhaa, kikageuka kutoka weupe kuwa kahawia na kunata. Kwa hiyo yule aliyegundua mafuta ya tondoo mara ya kwanza, popote alipokuwa, lazima alikuwa mtu wa subira au mtu aliyesahau kitu juani.


FundiVitenge, Majengo Moshi:

Jamani asanteni. MkusanyaMimea, nilipima usawa wa kifua changu, na mimi si mrefu, kwa hiyo nadhani tuko hapo hapo kwenye 1.3. Mfano wa kitambaa umenikaa. Jioni hii nimepekua kwenye begi nikapata kipande cha jani kimenasa kwenye zipu, kikavu kabisa, kama kidole gumba hivi. Nimekiinua kwenye taa ya cherehani. Mistari, mistari, mistari! Kama kitambaa cha suti.

Kijana wa Pangani, kuhusu methali, tondoo zenyewe ninazo tano, nilizileta mfukoni. Nimeweka moja kavu kwenye beseni la maji. Tutaona.

Kuna jambo moja sikulisema. Katika ile saa nzima, mjomba alinieleza na habari moja ya bibi yetu na ule mti, halafu akasema, "Hili ulijue wewe, usilitie kwenye daftari." Sasa najiuliza, nikiandika yote isipokuwa hilo, si nitakuwa nimeandika nusu?


Mzee_wa_Kibosho:

Shimbonyi mwanangu. Nimesoma tangu juu. Mimi bahari nimeiona mara mbili tu maishani, na mara zote mbili nilikaa mbali nayo. Lakini habari ya kuandika mti naijua kwa upande wa kuandikiwa.

Zamani alikuja kijana mmoja pale kijijini na karatasi ya maswali, anazunguka nyumba hadi nyumba. Akafika kwangu akaniuliza, "Mzee, masale yanatumika kwa nini?" Nikamjibu, "Mpaka wa kihamba," yaani wa shamba la nyumbani. Akaandika "mpaka", akashukuru, akaondoka. Sikumdanganya, masale ni mpaka kweli. Lakini sale ndilo jani unalobeba mkononi unapokwenda kumwomba msamaha mtu uliyemkosea, na mwenye kuletewa sale ni vigumu mno kukataa. Sale liko kwenye makaburi ya wazee wetu. Angeniuliza, "Mzee, mara ya mwisho kushika sale mkononi ilikuwa lini?", ningemweleza siku niliyokwenda kwa kaka yangu baada ya kutosemeshana miaka sita. Kwenye karatasi yake pale likabaki neno "mpaka".

Vivyo hivyo msesewe. Ukiuliza msesewe ni wa nini, mtu atakwambia gome lake linatiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Sawa. Lakini kiasi gani? Nani anaonja na kusema sasa inatosha? Mama yangu alikuwa anaonja akiwa amefumba macho. Hilo hutalipata kwa kuuliza "unatumika kwa nini".

Kwa hiyo mpigie simu mjomba wako. Usimuulize mti unafaa nini. Muulize mara ya mwisho alipokata mtondoo ilikuwaje.

Na la bibi, aliyekupa neno amekuwekea mpaka. Wewe uuheshimu mpaka huo, andika kwamba upo, usivuke.


MkusanyaMimea, Arusha:

Mzee amenifunga mdomo. Kwa miaka yote niliyokusanya, lebo zangu zilikuwa na sehemu ya "matumizi" ya upana wa vidole viwili. Nikitazama nyuma naona aibu kidogo.

Niongeze kimoja tu kuhusu kwa nini lebo na tawi lazima viende pamoja. Mwaka 1987, huko Sarawak, kisiwa cha Borneo, walikusanya sampuli za ndugu wa mtondoo, Calophyllum lanigerum, kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Marekani. Maabara ikagundua ndani yake kitu kinachozuia virusi vya ukimwi kwenye mirija ya majaribio, wakakiita calanolide A. Wakarudi kutafuta mti ule ule waongeze. Umekatwa! Miti mingine ya jirani, waliyoidhania ni ile ile, haikuwa nacho kama wa kwanza. Mwisho walikuja kupata mti wa aina ile ile kwenye bustani ya mimea ya Singapore, ambako ulikuwa umepandwa zamani. Wangejuaje kwamba ndio wenyewe? Kwa sababu mara ya kwanza waliacha tawi kavu na lebo.

(Na kabla mtu hajakimbilia Nungwi na panga: hapana, mtondoo hautibu ukimwi. Huo ni mti mwingine, na maabara si hospitali.)


Kijana_wa_Pangani:

Nimekubali kuhusu mtomondo. Methali sijakubali.


FundiVitenge, Majengo Moshi:

Nimerudi. Imepita wiki mbili, msimu wa sare za shule, mnaelewa.

Nimempigia mjomba jana baada ya isha. Nikafanya kama Mzee wa Kibosho alivyosema. Nikamuuliza, "Mjomba, mara ya mwisho kukata mtondoo kwa mkono wako ilikuwaje?" Kimya. Nikadhani simu imekatika. Halafu akacheka, akaanza. Vocha mbili zimekwisha. Safari hii nilimrekodi kwa ruhusa yake, na leo nimekaa tangu asubuhi nasikiliza na kuandika. Sitaweka yote, naweka kidogo mnisaidie kuona kama nimeshika njia.

Anasema hakwenda kutafuta mti, alikwenda kutafuta pindo. Mataruma ni mbavu za chombo, na ubavu una mviringo wake. Ukichukua ubao ulionyooka ukauchonga uwe na pindo, umekata nyuzi za mti, siku bahari ikikasirika unavunjika pale pale ulipopindia. Kwa hiyo fundi anazunguka mti akitazama juu, anatafuta tawi ambalo Mungu mwenyewe amelipinda. Mtondoo wa ufukweni umejaa matawi ya namna hiyo kwa sababu umekua ukipigana na upepo. Na nyuzi zake zimepishana ndani, zimeshikana, kwa hiyo haupasuki kirahisi ukipiga msumari. Hiyo hiyo ndiyo inaufanya uwe mbaya kupasua mbao ndefu, msumeno unakwama na kuvuta upande. "Mtondoo hautaki kunyooshwa," anasema. "Watu wa mbao ndefu watafute mti mwingine."

Mara ya mwisho ilikuwa kwa ajili ya mashua ya mtu wa hapo hapo kijijini. Alihitaji mataruma manne ya mbele, yale yenye pindo kali. Alizunguka siku tatu. La nne hakulipata kwenye mtondoo, akaweka la mfenesi, na mpaka leo akiiona ile mashua inapita anaiangalia upande ule tu. Mwenye mashua hajui. (Mjomba amesema hili naruhusiwa kuandika, mashua yenyewe imeshachoka.)

Nikamuuliza kwa nini mti unaomkalia kichwani hajawahi kuukata, maana una matawi ya pindo mpaka basi. Akashangaa kana kwamba nimeuliza kwa nini hauzi paa la nyumba. "Nikiukata nitafanyia kazi wapi?" Kivuli ni karakana. Mbao mbichi ikipigwa na jua la moja kwa moja inapasuka, chombo kikikaa juani kabla ya kutiwa kalafati, ile pamba ya kuzibia nafasi za mbao, kinaachana. Baba yake alifanyia kazi hapo, naye ameukuta. Na mizizi inashika mchanga, pale penye mtondoo ufukwe haujaliwa kama pale ulipokatwa. Kwenye daftari langu la kwanza niliandika mataruma na mafuta. Kivuli sikuandika. Nilikuwa nimekaa ndani yake.

Mafuta amenieleza mke wake, alimnyang'anya simu. Tondoo zinaokotwa zilizodondoka, hazichumwi. Zinavunjwa kwa jiwe juu ya jiwe, taratibu, usiponde kiini. Viini vinaanikwa kwenye mkeka, jioni vinaingizwa ndani visipate umande, mpaka viwe kahawia na ukivishika vidole vinateleza. Nikamuuliza ni siku ngapi. Akasema hahesabu siku, anahesabu vidole vikiteleza. Famasia, ni yale yale uliyoandika wewe! Kisha vinatwangwa, vinapashwa moto, vinakamuliwa kwenye kitambaa. Yanatoka mazito, kijani cha kukaribia weusi. Yeye akiwa mtoto aliyakuta bado yanawashwa kwenye taa, anasema yalitoa moshi na harufu iliyoingia mpaka kwenye nguo za Idi, na mafuta ya taa ya dukani yalipokuja hakuna aliyeyalilia. Sasa anayafanya kidogo tu, kwa magoti ya mjomba na kwa vipele vya joto vya wajukuu. Nimemsomea tahadhari ya Famasia. Akanijibu, "Mwambie huyo mwanangu nilikuwa najua kabla hajazaliwa, lakini amefanya vizuri kusema."

Na methali. Tondoo yangu ilielea kwenye beseni siku nne mchana na usiku. Ya tano mwanangu wa mwisho aliichukua akaenda kuichezea kama gololi, sijaiona tena. Nikamuuliza mjomba. Anasema tondoo ikidondoka bahari inaichukua, inaizungusha huko inakojua yenyewe, halafu inaitupa ufukweni na inaota. Haifi maji, yaani haizami ikafa. Kijana wa Pangani samahani.


Kijana_wa_Pangani:

Tondoo haizami, sawa. Lakini methali inasema MTONDOO, mti. Mti wenyewe uko kwenye mchanga mkavu na bado uko hai. Muulize tena mjomba.


FundiVitenge, Majengo Moshi:

Nimemuuliza. Anasema na wewe mwambie hajakosea. Hapo mnanichanganya, nimeandika zote mbili, kila moja na mwenyewe.

Habari nyingine: binamu yangu amenitumia tawi. Limesafiri kwa boti na basi ndani ya magazeti, limebanwa kati ya vifuniko viwili vya maboksi. Lina majani saba na maua mawili, moja limevunjika. MkusanyaMimea, nimefanya kama ulivyoelekeza, liko chini ya mbao ya kukatia vitambaa na pasi ya mkaa juu yake, ile nzito ya marehemu mama. Wateja wanauliza kuna nini humo. Na tondoo tatu nimezipanda kwenye ndoo uani.


MkusanyaMimea, Arusha:

Pasi ya mkaa! Katika maisha yangu yote sijawahi kuona tawi limekandamizwa na pasi ya mkaa. Hakikisha tu haina mkaa.

Hizo tondoo za kwenye ndoo, kama ulizipanda na ganda lake gumu utasubiri sana. Ukilivunja ganda kidogo bila kuumiza kiini, zinaota mapema zaidi. Ila usitegemee karakana ya majahazi hapo Majengo. Ni mti wa tambarare za pwani, na Julai ya Moshi utaiona mwenyewe majanini.

Weka lebo yako hapa tuione kabla hujaibandika.


FundiVitenge, Majengo Moshi:

Hii hapa. Mwandiko nimenyoosha kadiri ya uwezo.

"Mtondoo (Calophyllum inophyllum). Nungwi, Unguja. Ufukweni juu ya mchanga, hatua kumi na nne kutoka maji yanapofika wakati wa bamvua (maji makubwa). Shina sentimita 368 mzunguko, usawa wa kifua. Umeinama kuelekea baharini. Maua meupe, katikati njano, yananukia, harufu imeanza kupotea siku ya tatu. Utomvu wa manjano hivi, unanata, usiguse jicho. Jina limesemwa na mjomba wangu, fundi wa vyombo, na mkewe. Kazi: kivuli cha karakana. Mataruma ya pindo, kutoka miti mingine, si huu. Mafuta ya kupaka, anajua kuyafanya mke wa mjomba, binti yake mmoja ameanza kujifunza. Taa, zamani. Gololi za watoto, mpaka Moshi. Methali yake moja, maelezo mawili, yako kwenye daftari. Lipo jambo moja la bibi yetu na mti huu ambalo nimeambiwa na sikuliandika."


Mzee_wa_Kibosho:

Hapo sawa.


FundiVitenge, Majengo Moshi:

Asante mzee wangu. MkusanyaMimea, leo ni siku ya sita na gazeti bado linatoka na unyevu, hasa pale kwenye vikonyo. Nimeishiwa magazeti, nimebakiwa na karatasi za kukatia patani. Zinafaa?


MkusanyaMimea, Arusha:

Kama hazina nta, zinafaa. Badilisha tena kesho. Jumamosi nashuka Moshi kuleta mayai, nitapita kulichukua, Jumatatu nalipeleka Ngaramtoni mwenyewe.